Mwenye Nyumba na Mwenye Watu: Suala la Kumilikiwa kwa Binadamu katika Matigari Inaposomwa Kutoka Kangema

Utangulizi

Katika maneno ya awali anayomwelekezea msomaji, Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza kwamba hadithi ya Matigari haina nchi wala wakati maalumu, na anamwachia msomaji ajichagulie mahali na kipindi kitakachomfaa. Riwaya hiyo ilitoka kwa lugha ya Kigikuyu mwaka 1986, mwandishi akiwa uhamishoni. Februari 1987 nakala zake ziliondolewa madukani nchini Kenya. Kwa mujibu wa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, wenye mamlaka walikuwa wamepata habari za mtu aitwaye Matigari aliyezunguka nchini akiuliza ulipo ukweli na ilipo haki, wakaagiza akamatwe. Walipogundua kuwa huyo ni mhusika wa kubuni, kilikamatwa kitabu badala yake. Aghalabu tukio hili hutajwa ili kuonyesha nguvu ya fasihi. Makala haya yanalichukua kwa upande wake wa pili. Serikali iliyotaka kumtia mbaroni mhusika wa hadithi ilikuwa imezoea kuamini kwamba kila aliyemo nchini ni wake, hata yule asiyekuwepo.

Suala linaloshughulikiwa hapa ni la kimaadili kabla ya kuwa la kihakiki: mtu humilikiwaje pasipo kununuliwa? Matigari ni riwaya ya distopia, yaani inasawiri jamii iliyogeuzwa jehanamu kwa jina la utulivu. Ndani yake hamna soko la watumwa wala minyororo ya shingoni. Hata hivyo kila mhusika ana mwenyewe. Ruhusa ya kuchagua mahali inatumiwa hapa kwa kuiweka riwaya hiyo Kangema, katika Murang'a ya leo, kwenye migongo inayopanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Mahali hapo panafaa si kwa sababu ya mandhari tu. Ni mahali ambapo, katika muda usiozidi miaka hamsini, milki ya binadamu ilipitia kwenye chuma cha shingoni, kwenye boma la miiba na hatimaye kwenye karatasi ya ardhi.

Msamiati wa milki

Kiswahili chenyewe kimehifadhi fikra nzito juu ya jambo hili. Mtumwa, kwa asili ya neno, ni aliyetumwa. Neno halisemi kuwa amenunuliwa. Lasema kuwa mwendo wake si wake, kwamba miguu yake inakwenda kwa nia ya mwingine. Uhuru nao, kabla ya kuwa jina la bendera na sherehe, ulikuwa jina la hali ya asiye mtumwa. Aliyeandikiwa hati ya kuachwa huru katika miji ya pwani alipata uhuru katika maana hiyo, na ni neno hilohilo lililobebwa hadi kwenye majukwaa ya siasa ya miaka ya hamsini. Kwa hiyo anayeuliza iwapo uhuru wa 1963 ulikuwa uhuru hachezi na maneno. Anaulizia maana ya kale ndani ya maana mpya.

Lipo jozi jingine lisilotiliwa maanani sana. Milki na mmiliki hutokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, na mzizi huohuo ndio uliozaa mamluki. Leo mamluki ni askari wa kukodiwa. Zamani alikuwa mtu aliyemilikiwa, akafunzwa silaha, akawekwa kuwalinda na kuwatiisha wengine kwa niaba ya bwana wake. Lugha yetu imewaweka bega kwa bega anayemiliki na anayemilikiwa ili amsaidie kumiliki. Ujirani huu una kazi kubwa katika hoja zitakazofuata.

Kwa upande wa Kigikuyu, neno wĩyathi lina maana ya kujitawala nafsi. Mwanahistoria John Lonsdale ameonyesha jinsi wazo hilo lilivyofungamana na ardhi na jasho: aliyefyeka msitu, akalima na kulea nyumba yake, ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu kamili wa kusikilizwa barazani. Hapo pana nguvu, na pana hatari. Muhoi, yaani aliyelima ardhi ya mbari nyingine kwa ruhusa, alisimama chini katika ngazi hiyo hata kabla mkoloni hajafika. Iwapo uhuru wa mtu hutokana na kumiliki, je, asiyemiliki kitu hajawekwa tayari njiani kuelekea kumilikiwa yeye?

Kipande, kijiji na hati

Sheria ya usajili wa wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kuwa na kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na taarifa za kazi na ujira, ikatiwa ndani ya kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi. Aliyeondoka bila sahihi hiyo hakuhesabiwa kuwa ameacha kazi. Alihesabiwa kuwa ametoroka, na kutoroka ni kosa la mtu ambaye ni mali. Jina lenyewe la kitu hicho, ambalo halikubuniwa kwa kejeli, lasema yote: mtu mzima alijulikana kwa kipande.

Hatua ya pili ilikuja katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 wakazi wa nchi ya Wagikuyu walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye nyumba zao zilizotawanyika migongoni na kukusanywa vijijini. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa katika vijiji zaidi ya 800. Tarafa ya Kangema, katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizobanwa sana kwa kuwa ilipakana na msitu wa wapiganaji. Nyumba za zamani zilichomwa. Kijiji kipya kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa na seng'enge, kikawekewa saa za kutotoka nje na kituo cha walinzi. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni, waliochimba mahandaki hayo ni wanawake. Walizungushiwa boma walilolichimba wenyewe.

Hatua ya tatu haikuwa na miiba. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusudia kuunganisha vishamba vilivyotawanyika na kumpa kila mkulima hati yake. Uliharakishwa wakati ambapo maelfu ya wenye haki walikuwa kizuizini, wasiweze kusimama mpakani na kusema, "Hapa ni pangu." Katika Fort Hall zoezi hilo liliharibika kiasi kwamba upimaji ulibidi kurudiwa katika sehemu nyingi. Lakini jambo lenye uzito zaidi kimaadili ni kanuni iliyokuja kuingizwa katika Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963: usajili wa kwanza haungeweza kurekebishwa na mahakama hata kama ulipatikana kwa hila. Kwa maneno mengine, dhuluma ya kwanza ilipewa kinga, na aliyedhulumiwa alinyimwa sikio.

Hatua hizi tatu hudhihirisha kwamba milki ya binadamu si jambo moja. Kipande kilimnyima mtu uwezo wa kuondoka. Kijiji kilimnyima kuondoka na pia kukataa, kwani aliyekataa kuchimba hakuwa na pa kusimama. Usajili wa kwanza ulimwacha atembee atakako na kusema atakalo, ila ulimnyima kusikilizwa. Kuondoka, kukataa na kusikilizwa ndivyo vigezo vinavyopendekezwa hapa vya kumtambua mtu aliyemilikiwa, awe na bei au asiwe nayo.

Pingamizi la pwani

Hoja hii yaweza kupingwa, na pingamizi lenyewe si dogo. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Unguja anaweza kusema kwamba kumwita mbeba kipande au mwanakijiji wa Kangema "aliyemilikiwa" ni kuwakosea heshima wale waliouzwa kweli. Utumwa ulikuwa hali ya kisheria. Haukubatilishwa Zanzibar hadi 1897, pwani ya Kenya hadi 1907 na Tanganyika hadi 1922. Mtumwa alirithiwa pamoja na mikarafuu. Watoto wa kijakazi walihesabiwa. Kulinyoosha neno hadi limfunike kila aliyeonewa ni kulifanya lisimfunike yeyote.

Pingamizi hili lina ukweli wa kutosha kuirekebisha hoja, ingawa halitoshi kuiangusha. Vigezo vilivyotajwa havifuti tofauti, vinaipima. Mtumwa wa shambani alinyimwa vyote vitatu, tena kwa kuzaliwa, na kunyimwa huko kukaitwa haki ya mtu mwingine. Mwanakijiji wa 1955 alinyimwa kwa amri ya muda, na amri hiyo iliondolewa. Kilichofanana ni kile ambacho Kiswahili kilikishika katika neno mtumwa: nia ya mwingine kuingia katika miguu yako. Riwaya ya distopia ina kazi maalumu hapa. Historia hueleza milki baada ya kupewa jina na sheria. Distopia huionyesha ingali haina jina, wakati inapoitwa bado usalama, maendeleo au uzalendo.

Kasuku na milki ya neno

Katika Matigari utawala haumiliki miili pekee. Una redio iitwayo Sauti ya Ukweli, una Waziri wa Ukweli na Haki, na una taaluma nzima ya ukasuku yenye maprofesa wake na gazeti lake. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa. Septemba 1984 Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri na viongozi wengine waimbe kama kasuku wimbo aliouimba yeye, kama alivyokuwa akifanya yeye mwenyewe chini ya mtangulizi wake. Miaka miwili kabla, mwaka 1982, kifungu cha 2A kilikuwa kimeingizwa katika katiba na kuifanya nchi ya chama kimoja kisheria. Hakikuondolewa hadi Desemba 1991.

Kasuku ni ishara iliyochaguliwa kwa makini. Mtu aliyezibwa kinywa hujua kwamba amezibwa. Kasuku hunena, tena kwa ufasaha, na hulishwa kwa kunena. Hapo kigezo cha kukataa hupotea bila purukushani, kwa kuwa anayerudia neno la mwingine kila siku hupungukiwa polepole na nafsi ya kukatalia.

Kulinganisha na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, kunasaidia. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na nchi yake ni ya dhuluma. Hata hivyo anapewa nafasi ya kujitetea siku baada ya siku, na mwishowe mfalme husadiki. Shaaban aliandika chini ya ukoloni, akaamini kwamba sikio la mtawala lingeweza kufunguliwa. Ngũgĩ aliandika baada ya uhuru, na katika baraza la Waziri wake hukumu imetangulia ushahidi. Tofauti ya vitabu hivi si ya matumaini na kukata tamaa tu. Inahusu kigezo cha kusikilizwa: Kusadikika kinakichukua kigezo hiki kuwa kimelala na chaweza kuamshwa, hali Matigari inakichukua kuwa kimezikwa.

Mamluki na wajibu wake

Settler Williams, bwana mzungu wa riwaya, analindwa na John Boy, mtumishi wake mweusi. Uhuru ufikapo, ni mwana wa John Boy anayemzuia Matigari asiingie katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. "Boy" ni neno ambalo bwana alimwitia mtumishi wa umri wowote. Mwana amelirithi pamoja na mali, na halimwashi. Hapa mamluki anaonekana katika maana zake zote mbili, aliyemilikiwa na anayelinda milki.

Huko Kangema mlinzi wa kijiji alikuwa binamu, shemeji au jirani wa wale aliowalinda. Hili ndilo jambo lililofanya miaka hiyo isizungumzwe kwa urahisi majumbani. Ni rahisi kwa mhakiki kumhukumu. Ni vigumu kusema kwa hakika angetenda nini yeye, iwapo kukataa kungeiweka nyumba yake mwenyewe kwenye moto. Hofu hupunguza lawama. Hakuna mfumo wa maadili, wa dini au wa mila, unaomtaka kila mtu awe shahidi.

Lakini hofu ina kikomo cha wakati. Mlinzi aliyeshika mkuki mwaka 1954 ili watoto wake wasife hawezi kuwekwa kapu moja na yule aliyeongeza mpaka wa shamba lake mwaka 1958 wakati jirani yake yu kizuizini, akalishikilia shamba hilo baada ya jirani kurudi. Wa kwanza alitenda chini ya nia ya mwingine. Wa pili alikwisha kuwa na nia yake. Lawama yenye uzito huanzia pale hofu inapokwisha na faida ikabaki, na kanuni ya usajili wa kwanza ilikuwa njia ya sheria ya kufuta mstari huo. Ngũgĩ anamwonyesha mamluki wa aina ya pili kwa ukali unaostahili. Wa kwanza hamgusi sana, na hilo ni pengo. Jamii iliyomsahau yule aliyelinda kwa hofu hujikuta na watu wa makundi mawili tu, mashujaa na wasaliti, ilhali watu wengi hawakuwa hawa wala wale.

Guthera na nyumba ya mwingine

Hoja kuu ya Matigari ni kwamba aliyejenga nyumba ndiye mwenyewe. Kama jibu kwa dhuluma ya hati, hoja hii ina nguvu isiyopingika: jasho linatangulia karatasi. Lakini inaposomwa kutoka Kangema, ambako wanawake walichimba mahandaki na kujenga vibanda vya vijiji, inaleta swali ambalo riwaya hailijibu. Matigari anaitafuta nyumba yake, wake zake na watoto wake, na vyote vimo katika sentensi moja. Mwenye nyumba anaelekea kuwa pia mwenye watu wa nyumba.

Guthera ndiye anayelibeba swali hili mwilini. Alipokuwa msichana polisi alimpa chaguo: ajitoe kwake au babaye afe. Alikataa, na baba akauawa. Baadaye umaskini ulimtupa katika ukahaba, naye akajiwekea amri moja ya ziada, kwamba hatalala kamwe na polisi. Ndipo anaivunja amri hiyo kwa hiari ili Matigari atoke gerezani. Je, tendo hilo ni la mtu huru? Yaweza kujibiwa kwamba ndiyo, kwa kuwa mara hii ni yeye aliyeamua, wala hakuna aliyemtuma. Yaweza pia kujibiwa kwamba hapana, kwa kuwa bei iliyodaiwa ni ileile ya mwanzo, na umma unaosherehekea ukombozi huo unamsifu malaika Jibrili pasipo kumtaja yeye. Jibu la pili linaelekea kuwa zito zaidi. Guthera ana uwezo wa kuondoka na wa kukataa, ila hasikilizwi, hata na wale anaowakomboa.

Historia ya sehemu hizo inatoa mfano ulio tofauti. Machi 16, 1922, umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe, na wanaume walipoanza kutawanyika baada ya viongozi wao kurudi kutoka kwenye mazungumzo, alisimama Mary Muthoni Nyanjiru. Asili yake ilikuwa Weithaga, si mbali na Kangema. Aliinua nguo yake mbele ya wanaume na kuwataka wampe suruali zao, ishara ya laana na aibu kuu katika mila ya Wagikuyu. Umati ukasonga mbele, risasi zikalia, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Robo karne baadaye, 1947 na 1948, wanawake wa Murang'a walikataa kazi ya kulazimishwa ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Katika matendo hayo mwili wa mwanamke haulipi bei ya uhuru wa mwanamume. Unasema hapana kwa jina lake wenyewe.

Hitimisho

Riwaya ya distopia ikibaki kuwa picha ya wabaya wa jana, imekwisha kufungwa mdomo. Mwaka 2023 maelfu ya Wakenya walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na kampuni ya kigeni, wakalipwa sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Hakuna aliyelazimishwa kwa bunduki. Lakini alama ya kidole ndani ya kibweta cha 1920 na mboni ndani ya tarakilishi zinaulizwa swali moja: mwenyewe akitaka kuondoka, aweza kuondoka nazo? Njaa ikisimama mahali pa seng'enge, ridhaa ya mwenye njaa ina uzito gani?

Katama Mkangi, ambaye mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986, aliipa riwaya yake ya 1995 jina la Walenisi, yaani wale ni sisi. Jina hilo lasahihisha kile ambacho Matigari inakiacha nusu. Haitoshi aliyejenga arudishiwe nyumba yake, maana muhoi hakuwa na nyumba, na Guthera aliishi katika nyumba za wengine. Hadi leo viko vijiji vya Hali ya Hatari katika Murang'a ambavyo havikuvunjwa, kwa sababu baadhi ya waliofungiwa humo hawakuwa na ardhi ya kurudia. Boma liliondolewa, wao wakabaki, na wengi wa warithi wao wamekaa miaka sabini wakingoja hati. Kwao nadharia ya mjenzi haina jibu, kwani nyumba waliyoijenga ilikuwa gereza lao. Fasihi itakayowasemea italazimika kuanza na uhuru usiotegemea kumiliki chochote: uwezo wa mtu, awe na shamba au asiwe nalo, kuondoka, kukataa, na kusikilizwa anapolia.